Ng'ombe Ametupa Mimba: Kwa Nini Sababu Yake Huwa Ngumu Kuipata

Ng'ombe akitupa mimba, majibu hufika kabla ya daktari. Mmoja anasema alipigwa pembe na mwenzake juzi. Mwingine analaumu dawa ya minyoo ya wiki iliyopita. Wa tatu ana hakika ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba, na anashauri ng'ombe auzwe kabla habari haijasambaa. Wote wanaongea kwa uhakika, huku kondo la nyuma, ambalo pengine lingemaliza ubishi, limeshaburutwa na mbwa hadi nyuma ya zizi.

Chanzo cha ubishi huo ni dhana moja: kwamba kilichosababisha mimba itoke leo kilimpata ng'ombe leo au jana. Mara nyingi sivyo. Sababu nyingi hufanya kazi yake wiki kadhaa, pengine miezi, kabla hujaona chochote chini. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari mzoefu huwa "mimba ilikuwa ya muda gani?", wala si "jana alikula nini?"

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, zikizidi au kupungua kidogo kutegemea aina ya ng'ombe. Hadi kufikia kama siku ya 42, kilichomo tumboni huitwa kiinitete, kwa kuwa viungo bado vinajengwa. Baada ya hapo ni kijusi. Kikitoka kati ya siku ya 42 na ya 260 bila uwezo wa kuishi, hapo ndipo tunasema ng'ombe ametupa mimba. Kuanzia siku ya 260 tunazungumzia ndama njiti au ndama aliyezaliwa mfu. Mipaka hii ina kazi, kwa sababu kila kipindi kina watuhumiwa wake.

Hasara ambayo hakuna anayeiona

Mimba nyingi zinazopotea kwa ng'ombe hazionekani kabisa. Jike mzima akipandishwa kwa wakati unaofaa, yai hurutubishwa karibu mara tisa kati ya kumi. Lakini ndama wanaozaliwa kutokana na kupandisha mara moja huwa kama nusu, na kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana idadi hushuka zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni viinitete vilivyokufa katika wiki mbili au tatu za kwanza.

Yai likisharutubishwa, mji wa mimba haujui bado kuwa una mgeni. Karibu na siku ya 16 kiinitete hutoa protini inayouzuia mji wa mimba usitoe prostaglandini, homoni ambayo kazi yake ni kurudisha mzunguko mwanzo. Kikifa kabla ya kutoa taarifa hiyo, ng'ombe hurudi kwenye joto siku ya 21 hivi kama kawaida, na mfugaji husema "hakushika". Kumbe alishika. Kikifa baada ya hapo, joto huchelewa na kurudi kwa tarehe zisizoeleweka: siku ya 28, ya 35, hata ya 45.

Kwa hiyo daftari la tarehe ni kipimo, tena cha bei nafuu kuliko vyote. Ng'ombe wengi wakirudi kati ya siku ya 18 na ya 24, angalia kwanza muda wa kupandisha, ubora wa mbegu na ufundi wa mhimilishaji, yaani mtu anayepandisha kwa mrija badala ya dume. Wakirudi wengi baada ya siku 25 na kuendelea, kuna kinachoua viinitete. Joto kali la hewa katika siku chache baada ya kupandishwa linaweza kufanya hivyo. Vivyo hivyo uvimbe wa mji wa mimba uliobaki tangu uzazi uliopita, au ng'ombe aliyekonda kwa sababu maziwa yanatoka mengi kuliko chakula kinachoingia. Viinitete vingine vina kasoro za kurithi ambazo hakuna lishe wala dawa ya kuziokoa.

Halafu kuna dume, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kushukiwa. Magonjwa mawili ya zinaa, trikomona na kampilobakta, hukaa kwenye ngozi ya ala ya uume bila kumsumbua hata kidogo. Anakula, ananenepa, anapanda kwa nguvu, na kila jike anayempanda anaweza kuambukizwa. Majike hushika mimba, huipoteza mapema, hurudi kwenye joto, na baada ya miezi kadhaa wengi hupona wenyewe. Dume aliyevuka umri wa miaka mitatu au minne anaweza kubaki na vimelea maisha yake yote. Kupimwa mara moja na kuonekana safi hakumtoi hatiani. Sampuli huchukuliwa kwa kuosha au kukwangua ndani ya ala, na hurudiwa mara kadhaa kwa kuachana wiki. Kundi linalotumia mbegu za uhimilishaji kutoka kwa madume waliopimwa hukata mnyororo huu moja kwa moja, na dume la kuazima huurudisha vilevile.

Brusela, na kwa nini kupona kwake ni mtego

Mwaka 1897 Bernhard Bang, daktari wa mifugo wa Denmark, aliwatambua bakteria waliokuwa wakiwafanya ng'ombe watupe mimba kundi kwa kundi. Leo tunawaita Brucella abortus. Hupendelea kondo na kiwele, na mimba kwa kawaida hutoka kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, hasa karibu na wa saba. Kondo la nyuma mara nyingi hukwama.

Kinachowachanganya wafugaji ni kinachofuata. Ng'ombe wengi wenye brusela hutupa mimba mara moja tu, kisha mimba inayofuata hufika mwisho na ndama huzaliwa hai. Mwenye mali anahitimisha kwamba ng'ombe amepona. Hajapona. Bakteria wangali kwenye kiwele na tezi zake, na kila akizaa huwamwaga kwa wingi kwenye maji ya uzazi, kondo na ute, ambamo wenzake hunusa na kulamba. Maziwa yake mabichi yanaweza kumpa binadamu homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi. Mtu anayevuta kondo lililokwama kwa mikono mitupu yuko hatarini zaidi ya mnywaji maziwa. Na kumuuza ng'ombe huyo kimyakimya ni kuhamishia ugonjwa kwenye zizi la mwenzako.

Chanjo ipo, na ile iliyotumika kwa muda mrefu zaidi, S19, hupewa mitamba wenye umri wa kati ya miezi 3 na 8. Kumchoma ng'ombe mwenye mimba chanjo hiyo kunaweza kumfanya atupe mimba, na sindano yake ikimchoma binadamu bahati mbaya huweza kumwambukiza. Hii si dawa ya kuokota dukani ukajichomea mwenyewe.

Neospora, ugonjwa unaorithishwa tumboni

Kama ningeambiwa nichague sababu moja ambayo wafugaji hawaifahamu kama inavyostahili, ningetaja neospora. Ni kimelea kidogo cha seli moja. Mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba mbwa hukieneza kupitia kinyesi: mbwa anakula kondo la nyuma au kijusi kilichoambukizwa, kisha anajisaidia kwenye majani, kwenye stoo ya chakula au karibu na maji, na ng'ombe anameza. Yule mbwa aliyeburuta kondo nyuma ya zizi hajafanya usafi. Huenda ameandaa mimba zitakazotupwa mwaka ujao.

Mimba za neospora hutoka zaidi katika mwezi wa tano au wa sita, msimu wowote wa mwaka. Ng'ombe mwenyewe haugui: hana homa, anakula, maziwa yapo. Tena ng'ombe aliyeambukizwa si lazima atupe kila mimba. Mara nyingi huzaa ndama anayeonekana mzima kabisa, lakini tayari ana kimelea, naye akiwa mtamba atakipitisha kwa ndama wake. Ukiona mimba zinatupwa na bibi, mama na binti wa ukoo mmoja, huku ng'ombe wengine wa zizi hilohilo wakizaa salama, neospora inapanda juu ya orodha. Ng'ombe hamwambukizi mwenzake kwa kukaa naye, kwa hiyo kumtenga hakusaidii kitu. Hakuna dawa inayokiondoa.

Wengine kwenye orodha

Homa ya mgunda, yaani leptospira, husafiri kwenye mkojo wa panya na wa ng'ombe wenyewe na kuingia kupitia maji yaliyosimama. Mimba hutoka wiki kadhaa baada ya maambukizi, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Virusi vya herpesi vya ng'ombe hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka mnyama akipata msongo, na mimba kutoka kati ya mwezi wa nne na wa nane. Ukungu kwenye nyasi kavu au saileji (majani yaliyovundikwa) iliyoharibika huweza kufika kwenye kondo kupitia damu. Kondo huwa nene na gumu, na ngozi ya kijusi wakati mwingine hutoka mabaka. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1931, huja na mbu baada ya mvua kubwa: mimba za kila umri hutoka ndani ya siku chache, ndama wachanga hufa, na watu huugua pia. Hapo hakuna cha kusubiri. Toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo siku hiyohiyo.

Magonjwa ya kupe na ndorobo yanaweza kutoa mimba pia. Homa kali ya aina yoyote inaweza, kwa sababu mwili unaopambana na homa hutoa prostaglandini, homoni ileile tuliyoitaja mwanzoni.

Na kuna mkono wa binadamu. Prostaglandini ya sindano, inayotumika kuwaleta ng'ombe kwenye joto, huitoa mimba changa iwapo aliyechomwa alikuwa nayo na hakuna aliyempima kwanza. Deksamethasoni, ambayo watu huichoma ovyo kwa uvimbe na homa, katika miezi ya mwisho huanzisha uzazi kabla ya wakati. Ng'ombe wachache wenye mimba huonyesha dalili za joto, na mhimilishaji akipitisha mrija kwenye mlango wa mji wa mimba bila kuchunguza, mimba inaweza kuishia hapo.

Je, pembe na dawa ya minyoo? Kijusi kinaelea ndani ya maji, ndani ya mji wa mimba, nyuma ya ukuta wa tumbo. Pigo la kawaida kukifikia ni nadra, ingawa pigo hilo hukumbukwa na kila aliyeliona. Dawa nyingi za minyoo ni salama kwa kipimo sahihi. Albendazoli ndiyo yenye onyo la wazi, isitumike katika siku 45 za kwanza za mimba. Kupimwa mimba kwa mkono na mtu anayejua kazi yake nako hulaumiwa bure: aliyepimwa akaonekana ana mimba, kisha ikapotea, angeipoteza vilevile bila wewe kujua.

Uchunguzi unavyofanyika

Anza na umri wa kijusi, hasa kama tarehe ya kupandishwa haijulikani. Kilaze ubavu, pima kwa sentimita kutoka utosini hadi mwanzo wa mkia ukifuata mgongo ulionyooka, ongeza 21, kisha zidisha kwa 2.5. Unapata siku kwa makadirio. Kijusi cha sentimita 15 kina kama miezi mitatu. Cha sentimita 60 kinakaribia miezi saba. Kisha tazama hali yake. Kibichi, kana kwamba kimelala? Kilikufa muda mfupi kabla ya kutoka. Kimelainika na kubadilika rangi? Kilikaa siku kadhaa kikiwa kimekufa ndani. Kimekauka, cha kahawia, ngozi imeshikana na mifupa? Kilikufa wiki nyingi zilizopita, na neospora na virusi vya kuhara vya ng'ombe huingia kwenye mawazo.

Kinachotakiwa maabara ni kijusi kizima pamoja na kondo, hata kipande chake chenye vile vinundu vyekundu, vikiwekwa kwenye mifuko miwili ya plastiki na kupoozwa kwa barafu. Visigandishwe: kugandisha hupasua seli, na tishu zilizopasuka hazisomeki vizuri kwenye hadubini. Vaa glovu. Mwenye mimba asiguse kabisa. Kondo lisiachwe kwa kuwa ni chafu na limekanyagwa, maana magonjwa kadhaa huacha alama zake hapo tu.

Maabara hupenda kuanza na majimaji ya tumbo la kijusi. Kijusi humeza maji kinamoelea, kwa hiyo bakteria waliokuwa ndani ya mji wa mimba hukutwa tumboni mwake, mahali ambapo uchafu wa zizi haujafika. Ubongo na moyo hukatwa vipande vyembamba kutafuta neospora. Mapafu na ini hupimwa bakteria na virusi.

Halafu kuna damu, na hapa ndipo wengi hupotoshwa. Kipimo cha damu mara nyingi hakitafuti kimelea chenyewe bali kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza baada ya kukutana nacho. Kingamwili ni kama kovu: linakuambia mtu aliwahi kuumia, halikuambii ni lini, wala kama hilo ndilo linalomuuma leo. Ng'ombe mwenye kingamwili za leptospira huenda aliambukizwa miaka miwili iliyopita au alichanjwa. Mtamba aliyechanjwa S19 akiwa mkubwa anaweza kuonekana na brusela asiyokuwa nayo. Kinyume chake pia hutokea: ng'ombe anatupa mimba kwa brusela na damu ya siku hiyo inaonekana safi, kwa kuwa kingamwili bado hazijapanda.

Ndiyo sababu daktari makini huomba damu mara mbili, siku ya tukio na tena baada ya wiki mbili au tatu, ili aone kama kiwango kinapanda. Huomba pia damu ya wenzake kadhaa, waliotupa na wasiotupa. Kama wote wana kiwango kilekile, kingamwili hizo hazielezi kwa nini huyu alitupa na yule hakutupa.

Kuna kingamwili zinazosema zaidi ya hapo. Kwa ng'ombe, kingamwili za mama hazivuki kondo. Ndama huzipata akinyonya dang'a. Kwa hiyo kingamwili zikikutwa kwenye majimaji ya kijusi ambacho hakijanyonya, kimezitengeneza chenyewe. Maambukizi yalimfikia yeye tumboni, si mama yake peke yake. Majibu ya namna hiyo yana uzito kuliko namba yoyote ya damu ya mama.

Majibu yanaposema "sababu haikupatikana"

Hili huwaudhi watu, hasa waliolipia. Lakini hata maabara zenye vifaa vyote hushindwa kupata sababu katika kesi nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu. Sumu ya mimea huwa imeshatoka mwilini. Kasoro ya kurithi haiachi bakteria wa kuotesha. Homa ya wiki tatu zilizopita imeshaisha. Kijusi kilichooza ndani hakina tena tishu ya kusoma. Hata hivyo karatasi hiyo si tupu: ikionyesha kwamba brusela, neospora na leptospira zimetafutwa kwenye sampuli nzuri na hazikuonekana, umeshajua usichopaswa kukigharamia.

Mimba moja kutupwa haimaanishi kundi zima lina ugonjwa. Katika kundi zuri, asilimia 2 hadi 5 ya mimba hutupwa kila mwaka, na hakuna wa kulaumiwa. Ikizidi hapo, au ng'ombe wawili watatu wakatupa ndani ya wiki chache, chunguza kila tukio. Kwa mwenye ng'ombe wanne asilimia hazina maana. Apime kila mimba inayotoka. Na aliyetupa atengwe hadi ute ukome, majani ya kulalia yachomwe, mabaki yafukiwe kwa kina mbwa asipofika, hata kabla majibu hayajarudi.

Sababu ikijulikana, hatua hutofautiana kabisa. Mwenye brusela huondolewa kwa utaratibu wa mamlaka ya mifugo. Mwenye neospora anaweza kubaki akitoa maziwa, ila binti zake wasiwekwe kuwa mbegu ya zizi. Virusi vya kuhara vya ng'ombe vina mtego wao. Mama akiambukizwa katika miezi minne ya kwanza na kijusi kikanusurika, mwili wa ndama huvichukulia virusi kama sehemu yake, hautengenezi kingamwili, naye huzaliwa akivimwaga kila siku ya maisha yake. Ndama huyo anaweza kudumaa, au akaonekana mzima kama wenzake. Kipimo cha kingamwili hakitamkamata. Atakamatwa kwa kipande kidogo cha ngozi ya sikio kinachopimwa virusi vyenyewe, na inabidi kila ndama wa zizi apimwe hivyo, pamoja na mama ambaye ndama wake alikufa kabla ya kupimwa, kwani huenda yeye ndiye chanzo.